Baiskeli ya mtumba, anza na fremu
Jamani mnaoenda kununua baiskeli ya mtumba, giya 21 zisiwapagawishe. Jana nimemsindikiza mdogo wangu sokoni nikamwambia anza na fremu, iwe saizi yako, alafu pitisha kidole kwenye machomeleo yote uone kama kuna ufa, maana fremu ikipasuka ndo basi tena ila siti, pedeli na cheni fundi anabadilisha tu. Nyanyua tairi la nyuma ulizungushe, uangalie rimu inavyopita katikati ya breki, ikiyumba ujue spoku zimelegea au rimu imepinda. Mkono wa pedeli utikise kushoto kulia, ukigonga huenda beringi zimekwisha hizo. Kachukua ya giya moja, inchi 26, tairi zake zinapatikana kirahisi na breki zinashika kwelikweli, nimefurahi sana!