Nyuzi za raketi ndizo zilizonilipia nauli

Kwenye shindano la M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanaume, ukitolewa raundi ya kwanza ya droo kuu unapewa dola 156, na hapo kodi bado haijakatwa. Bingwa, baada ya kushinda mechi tano ndani ya wiki moja, anaondoka na dola 2,160. Anayetolewa kwenye mechi za kufuzu anarudi kwao mikono mitupu. Wimbledon ya 2024 ililipa pauni 60,000 kwa mtu aliyepoteza mechi yake ya kwanza, kwa hiyo majirani zangu wa Kawangware, Nairobi, waliponiona nikitoka alfajiri na begi la raketi mgongoni wakaanza kunipigia hesabu za Wimbledon, sikuwalaumu. Wao tenisi waliyoijua ni ile ya kwenye televisheni.

Nilicheza ngazi hiyo misimu kadhaa bila mdhamini na bila kukopa. Vijana wanaoanza huniuliza niliwezaje. Niliweza kwa sababu nilikuwa fundi wa nyuzi. Nilisuka raketi za watu klabuni, nyumbani, kwenye vyumba vya hoteli, na pesa hizo ndizo zilizokata tikiti.

Tenisi niliingilia kwa kuokota mipira, kama wengi wetu tusiozaliwa ndani ya uanachama wa klabu. Unaokota asubuhi, mwanachama akikosa mwenzake anakuita umrudishie mipira, na baada ya miaka michache wanaanza kukwepa kucheza nawe kwa pesa. Kenya hatuna mifano mingi ya kufuata baada ya hapo. Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, jambo ambalo wazee wa klabu hulisimulia kana kwamba lilitokea juzi. Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake hapahapa Nairobi, alitwaa taji la wawili wawili la Wimbledon ya vijana mwaka 2022 akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Okutoyi alipitia chuo kikuu cha Auburn, Marekani, na hiyo ndiyo njia ninayomshauri kila mzazi, maana huko chuo kinalipa kocha, nauli, na hata nyuzi. Alama zangu za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hazikuufungua mlango huo. Ikabidi nitafute mwingine.

Klabuni kulikuwa na fundi tuliyemwita Mzee tu. Mashine yake ilikuwa ile ya uzito, yenye fimbo na chuma kizito mwishoni. Unabana uzi, unaiachia fimbo ishuke, na ikilala sawasawa na meza ujue uzi umefika kwenye mkazo ulioupanga, nao hupimwa kwa pauni za uzito. Haitaki umeme, na hilo lilikuja kunifaa sana.

Raketi nyingi zina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Za wima ni kuvuta tu, huku ukipokezana kushoto na kulia ili fremu isipinde. Kazi iko kwenye za mlalo, maana kila uzi unapita juu ya mmoja na chini ya unaofuata, na uzi wa pili yake unafanya kinyume. Mzee alinikataza kuuvuta kwa pupa. Uzi wa polyesta ukisuguana mahali pamoja unaungua na kujichimba, na mteja atarudi kesho uzi umekatika. Unauvuta huku ukiutembeza juu na chini, msuguano usikae sehemu moja. Ukifika kwenye nyuzi chache za mwisho, nafasi imebana na kila kitu kimekaza, ncha ya uzi inagoma kupenya, na hapo ndipo ngozi ya vidole inapobaki.

Raketi mbili za mteja mmoja zikiisha, Mzee alizigonga kwa kiganja, moja baada ya nyingine, akasikiliza.

"Hii inalia juu kuliko mwenzake. Kata, rudia."

"Mzee, si ni kama pauni moja tu?"

"Sawa. Basi mpelekee mwenyewe, umwambie hivyo."

Nikakata, nikarudia. Uzi uliopotea alikatwa yeye kwenye malipo yake, si mimi, na hakuwahi kunitajia.

Mashine yangu niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi, kwa zamu yangu ya chama tulichoanzisha sisi waokota mipira. Kibanio kimoja kilikuwa kimevunjika shingo. Fundi wa Kamukunji alikitazama, akauliza kinabana nini, akanichongea shingo nyingine ya chuma siku hiyohiyo. Ilikuwa nzito kuliko ya kiwandani na ndiyo iliyodumu.

Sasa kuna jambo ambalo fundi wa Nairobi analijua na wa Ulaya wengi hawalijui, na ndilo lililonipa soko. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira hauzuiliwi sana unapopaa, na mpira wa kawaida wenye presha unadunda juu zaidi kwa sababu hewa ya nje inayoubana ni kidogo. Kanuni za tenisi zenyewe zinalitambua hili, kwani ukivuka mita 1,219 zinaruhusu mipira ya aina maalumu. Hata kwa mipira hiyo, mchezaji aliyetoka pwani ya Hispania anashuka uwanja wa ndege wa JKIA na raketi zake zimekazwa kwa hewa ya kwao, anapiga shuti alilopiga maisha yake yote, na mpira unatua kwenye wavu wa uzio. Anapiga tena, unatua palepale. Ikifika jioni hana furaha na mtu yeyote.

Dawa yake ni kukaza nyuzi zaidi. Nyuzi zilizolegea zinaurusha mpira, zilizokaza zinauachia taratibu. Mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia linaloendesha M15, yalipokuja Nairobi nilikuwa nakaa kando ya viwanja vya mazoezi siku ya kwanza wageni wanapofika, bila kutangaza chochote. Nilisubiri mtu arushe mipira mitatu minne nje, kisha namwendea taratibu na kumuuliza anatumia pauni ngapi. Akisema 51, namwambia nitamsukia moja kwa 54, na akiona haimfai halipi. Sikumbuki aliyekataa kulipa. Wengi walirudi na begi zima.

Mimi mwenyewe nilifanya kinyume nilipotoka. Kigali ni juu karibu kama kwetu, kwa hiyo sikubadili kitu. Monastir, Tunisia, ambako karibu kila wiki ya mwaka kuna M15, ni ufukweni kabisa. Huko mpira ni mzito, na mkazo wa Nairobi unakuvunja mkono. Nilishusha pauni tatu kabla ya kuondoka.

Kigali nilikwenda kwa basi kupitia Uganda, na kwa Mkenya kitambulisho cha taifa kinatosha mipakani. Ni usiku na mchana wa kukaa umekunja magoti, lakini bei yake ni ndogo kiasi kwamba ukisuka raketi chache ukifika, safari imejilipa. Kwa ndege mambo yalikuwa mengine. Begi la kilo 23 ndilo nililoruhusiwa, na mashine pamoja na chuma chake ilikula zaidi ya nusu. Viatu vilivaliwa, raketi zikaingia mkononi, nguo zikawa chache sana. Uwanjani JKIA afande aliona kwenye skrini fimbo, vibanio na bonge la chuma, akaniita kando.

"Kijana, hii ni nini?"

"Ni mashine ya kusukia raketi, afande."

"Raketi zinasukwa?"

Nikamwonyesha. Aliita wenzake wawili waje waone, nikakosa chai lakini ndege nikaiwahi.

Visa vya Ulaya sitavizungumza sana kwa sababu nitapandwa na hasira. Hesabu yenyewe ni hii: maombi ya kuingia shindano la ITF yanafungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya shindano. Orodha ya waliokubaliwa inatoka baada ya hapo. Ubalozi wa nchi za Schengen una siku 15 za kawaida kuamua ombi lako. Mchezaji wa Ufaransa anaingia kwenye treni. Wewe unasubiri barua yenye jina lako, unakimbilia miadi, na pasipoti inarudi shindano likiwa raundi ya pili. Ndiyo maana nilijikita Afrika, na simshauri kijana wa Nairobi aanze kwingine.

Monastir ndiko nilikojifunza kwamba wateja wako na wapinzani wako ni watu walewale. Wote mnalala hoteli moja, mnakula meza moja. Fundi rasmi wa shindano alitoza bei yake, mimi nikatoza pungufu kidogo na kumaliza usiku uleule. Jioni moja Mwitaliano aliniletea raketi mbili, pauni 52. Nilikuwa nimeshasuka nyuzi za wima za raketi ya kwanza droo ya kesho ilipotoka kwenye simu: mimi na yeye, korti namba nne.

Mwenzangu wa chumbani, Mmisri, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetania nusu, nimwekee 48. Nani angejua? Angejua mwenye raketi, kwenye mpira wa tatu. Polyesta tayari inalegea yenyewe ikilala usiku mmoja, kwa hiyo hata kisingizio kilikuwepo. Nilimsukia 52, zote mbili, nikazigonga kwa kiganja nikasikiliza, nikampelekea mlangoni. Asubuhi alinifunga seti mbili kavu. Jioni yake nilikuwa na raketi saba juu ya kitanda, maana aliwaambia watu wote mezani nani alimsukia. Kwa upande wa pesa, ile ilikuwa wiki yangu nzuri kuliko zote.

Pointi yangu ya kwanza ya ATP, chama kinachopanga orodha ya dunia ya wanaume, ilikuja baadaye, kwa mechi moja ya droo kuu. Kwenye M15 ushindi wa raundi ya kwanza ni pointi 1, na bingwa anachukua 15. Ukiona jina lako kwenye orodha ya dunia, huko chini kabisa ambako mamia wamefungana, unampigia mama simu hata hivyo. Mama alitaka kujua kama nimekula.

Pesa niliziweka kwa namna ambayo mwalimu wangu wa biashara angeikubali. Malipo ya klabuni yaliingia M-Pesa na sikuyagusa kwa chakula. Yalikuwa ya uzi na tikiti tu. Uzi nilinunua kwa rili ya mita 200, ambayo inasuka raketi kama 16, na gharama kwa kila raketi inashuka sana kuliko kununua pakiti. Malipo ya safarini yalilipa chumba cha wiki hiyohiyo. Zawadi za mashindano sikuziweka kwenye hesabu kabisa. Zikija, zilienda nyumbani.

Kuna kocha aliyewahi kuniambia kwamba ningefika mbali zaidi kama ningelala badala ya kusuka hadi usiku wa manane. Huenda. Vidole vyenye malengelenge havishiki raketi vizuri, na zipo mechi nilizoingia nikiwa nasinzia. Lakini ninavyoona mimi, bila mashine ile ningeshinda mechi mbili tatu zaidi msimu wa kwanza, na msimu wa pili nisingekuwepo. Wachezaji wazuri kuliko mimi, watoto wa Nairobi, waliacha kwa sababu nauli ya safari ya tatu haikupatikana.

Siku hizi sichezi tena mashindano. Nasuka, na nina vijana wawili wanaojifunza. Mmoja ana mkono mzuri na masikio mabovu, mwingine kinyume chake. Anayetaka kuanza atafute mashine ya uzito iliyotumika, asikimbilie ya umeme. Anunue rili moja ya polyesta ya kawaida, koleo kali, na asuke raketi zake mwenyewe mpaka zote ziwe na sauti moja. Na bei aitaje kabla hajaipokea raketi ya mtu. Wachezaji wa ngazi ile hawana pesa, na kila mmoja wao ana hadithi ya kulipa wiki ijayo.