Mmea Uliokufa Maji Huku Ukilia Kiu

Leo ni siku ya 23 tangu nilipoukata kichwa mmea wangu wa Echeveria, ule wa majani manene yanayohifadhi maji, na kila asubuhi nimekuwa nikiuinamia pale dirishani kama mtu anayemjulia hali mgonjwa aliyemtia maradhini yeye mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mmea huu haukushambuliwa na wadudu wala haukuunguzwa na jua. Niliuozesha mizizi mimi, kwa kopo la maji nililolishika kwa nia njema kabisa.

Mambo yalianzia kwenye majani ya chini, ambayo yalisinyaa kidogo yakapoteza ule unono wake. Nilidhani kwamba jani lililosinyaa linaomba maji, nikamwagilia. Baada ya siku chache yakasinyaa zaidi, nami nikamwagilia tena, safari hii kwa wingi. Sikujua kwamba mizizi iliyooza haiwezi tena kuvuta maji, na kwamba kwa sababu hiyo mmea unaweza kuwa umesimama katika udongo chepechepe huku majani yake yakionyesha dalili zile zile za ukame. Ulikuwa unakufa maji huku ukilia kiu, na kila ulipolia niliuzamisha zaidi. Ningeutia kidole udongo hata mara moja tu ningegundua kwamba maji yamezidi unga, lakini nilikuwa mtu wa kutazama, si wa kugusa. Nilipogusa hatimaye, majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, yanapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa na mafuta, na mawili yakaanguka kwa mguso ule tu.

Nilipoung'oa mmea, harufu ilifika kabla ya jambo lolote: harufu ya matope yaliyofunikwa siku nyingi. Mzizi wenye afya huwa mweupe au wa rangi ya mchanga, na ukiuvuta hukaza. Hii yangu ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na nilipoipitisha katikati ya vidole ganda lake lilivuka kama ala inavyotoka kwenye kisu, likaacha uzi mwembamba usio na uhai. Mizizi hupumua. Nayo huhitaji hewa iliyomo katika nafasi ndogo ndogo za udongo, na nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu mizizi hukosa oksijeni na kuanza kufa. Hapo ndipo kuvu, pamoja na viumbe vinavyofanana na kuvu kama vile Pythium na Phytophthora, ambavyo vijimbegu vyake huweza kuogelea majini, hupata karamu.

Chungu nacho kilikuwa na lawama yake. Kilikuwa kizuri, cha kung'aa, kisicho na tundu chini, nami nilijidanganya kwamba tabaka la kokoto nililoweka kwenye kitako lingepokea maji ya ziada. Ushauri huu wa kokoto umesambaa mno, na mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu. Ukweli ni kwamba maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu uwe umelowa kabisa, kwa hiyo kokoto zangu zilichofanya ni kuupandisha unyevu karibu zaidi na mizizi.

Kukata ndiko kulikonitoa jasho. Nilipangusa kisu kwa spiriti, nikakata shina juu kidogo ya sehemu iliyokuwa nyeusi, nikakuta katikati pana duara la kahawia. Nikapangusa tena na kukata tena. Duara likawa vidoa vitatu. Hapo mkono ulisita, maana shina lilikuwa linaisha na majani yaliyojipanga kama waridi yalikuwa karibu sana na makali, lakini kidoa kimoja kilichoachwa ni uozo unaoendelea kupanda. Mara ya tatu nyama ya shina ilitoka ya kijani kilichopauka, safi pande zote, na nilibaki na kichwa chenye kipande cha shina kisichozidi sentimita 2.

Nilikiweka kichwa hicho juu ya mdomo wa bilauri tupu, kivulini, kwa siku 6, mpaka kidonda kikafanya kigaga kikavu, kwa sababu shina bichi likizikwa udongoni huoza upya. Kinaweza kuvumilia hayo yote bila mzizi hata mmoja kwa kuwa mimea ya namna hii huhifadhi maji majanini, na hufunga vinyweleo vyake, yaani vitundu vidogo vya majani, mchana wa joto ili kuvifungua usiku inapovuta hewa ya kaboni. Kisha nikakiketisha kwenye chungu cha udongo wa kuchomwa chenye tundu, juu ya mchanganyiko mkavu ambao zaidi ya nusu yake ni mchanga wa chenga kubwa na mawe mepesi ya volkano, na mboji kidogo tu. Baada ya hapo hakukuwa na kazi yoyote ila kutomwagilia, na nakiri kwamba kazi hiyo ilikuwa ngumu kwangu kuliko ile ya kisu. Mara mbili nilijikuta nimesimama na kopo mkononi.

Majani 7 yaliyokuwa mazima niliyalaza juu ya mchanga huo huo. Matatu yameoza, mawili yamekauka, moja halijaamua. La saba limetoa nyuzi za rangi ya waridi, nyembamba kama nywele, na kwenye kitako chake kuna kichipukizi kidogo kuliko punje ya mchele.

Asubuhi ya leo nimekisukuma kichwa kwa ncha ya kidole. Wiki iliyopita kiliyumba, leo kimekaza. Nimekipa maji kwa mara ya kwanza, nikasubiri mpaka yakatiririka kupitia tundu la chini, nikayamwaga yaliyotuama kwenye kisahani, kisha nikalirudisha kopo kabatini.