Zimwi wa Milimita 28

Nyakati za usiku mimi hukaa mezani, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nikipaka rangi sanamu ndogo za mchezo wa mezani, ambazo mpiganaji wake mzima huwa na kimo cha kama milimita 28 tu. Mwezi huu nimeshughulika na zimwi mwenye rungu.

Rangi ya msingi ndiyo iliyonitesa. Ile ya kopo la kupuliza haipatani na unyevu wa masika, na zimwi wangu wa kwanza alitoka na ngozi ya chengachenga, kana kwamba amemwagiwa unga wa sembe. Tangu hapo naipaka kwa brashi, ingawa kazi huchukua muda mrefu zaidi. Juu yake hufuata rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito inayofukia mikunjo ya uso, kisha maji ya rangi ya kahawia yanayojikusanya mabondeni na kufanya vivuli. Mwisho naifuta brashi kwenye kipande cha kanga kuukuu hadi ikaribie kukauka, nikaipitisha juujuu ili kingo zing'are.

Picha ya kwenye boksi ilimwonyesha akiwa kijani. Mimi nimempa rangi ya tope la mikoko, kwa sababu mazimwi aliotuhadithia bibi hawakuwa kijani hata siku moja. Bibi alimtazama kwa miwani yake, akauliza mbona hana macho. Macho bado, yanahitaji mkono usiotetemeka.