Kimondo cha El Ali na hesabu ya wasomaji

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi karibuni ni watu wangapi wanaosoma makala ya kisayansi kuhusu madini ya vimondo. Nilimwonyesha alama ya Altmetric, ile duara yenye rangi pembeni mwa makala nyingi za majarida inayoonyesha jinsi makala inavyozungumzwa, na papo hapo nikatambua kwamba sikuwa nimemjibu.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa jirani zetu Wasomali. Katika eneo la El Ali, mkoani Hiiraan, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 15 hivi ambacho wenyeji walikifahamu kwa vizazi kadhaa, wakakiita Shiid-birood, yaani jiwe la chuma, na wakanolea visu juu yake. Kipande cha gramu 70 kilifika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, na mwishoni mwa Novemba 2022 ikatangazwa kwamba ndani yake mna madini mawili ambayo hayakuwahi kuonekana katika maumbile, ingawa yalikuwa yamekwisha kutengenezwa maabara: elaliiti, lililopewa jina la mahali penyewe, na elkinstantoniti, lililopewa jina la mwanasayansi Lindy Elkins-Tanton.

Habari ilienea duniani kwa siku chache. Hata hivyo, magazeti mengi yalinukuu taarifa ya chuo, ilhali vipimo kama Altmetric hufuatilia makala yenyewe, hasa kwa kiungo au nambari yake ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni. Mtu aliyeisikia redioni kwa Kisomali akamsimulia mzee wake hahesabiwi popote, wala mwandishi aliyeeleza madini hayo kwa ufasaha bila kutaja makala yoyote.

Altmetric ilianzishwa London mwaka 2011, na kwa miaka mingi habari moja ya gazeti ilipewa uzito wa 8, na andiko la blogu 5. Uzito huo unapima jinsi jambo linavyozungumzwa. Hauwezi kuonyesha kama aliyezungumza alifungua hata ukurasa wa kwanza. Idadi ya walioihifadhi makala kwenye Mendeley, programu ya kutunza makala za kitafiti, huonyeshwa kando na haiingizwi katika alama, uamuzi ninaouona kuwa wa haki, kwa sababu kuhifadhi pia si kusoma. Mimi mwenyewe nina makala nyingi nilizozihifadhi nikikusudia kuzirudia.

Idadi ya waliopakua hukaribia zaidi usomaji, lakini nayo hupungukiwa katika mazingira yetu. Niliwahi kupakua makala moja kuhusu kamasiti na taeniti, aloi za chuma na nikeli zinazopatikana katika vimondo kama kile cha Mbozi, Tanzania, nikaichapisha kwenye karatasi, na nakala hiyo ikapita mikononi mwa wanafunzi sita hadi kingo zake zikachakaa. Mtandaoni ilihesabiwa mara moja tu. Mmoja wao aliandika kwa penseli pembeni mwa mchoro wa joto na nikeli, akiuliza kwa nini mistari ya Widmanstätten, ile inayopishana ndani ya vimondo vya chuma, huhitaji mamilioni ya miaka ya kupoa polepole, na swali lake liliniambia zaidi kuhusu usomaji wa makala ile kuliko duara lolote.

Mwanafunzi aliyeniuliza nimempa nakala hiyohiyo, pamoja na penseli.