Wifi Mwenye Funguo: Filamu ya Kibengali Niliyoonyeshwa Whitechapel

Huku mashariki mwa London Kibengali kiko kila mahali: dukani, ndani ya basi, hata kibao cha stesheni ya Whitechapel kimeandikwa kwa lugha hiyo. Majirani wengi asili yao ni Sylhet, Bangladesh. Kila Februari 21 wanakwenda Altab Ali Park kuweka maua kwenye mnara wa mashahidi, kuwakumbuka vijana waliopigwa risasi Dhaka mwaka 1952 wakidai Kibengali nacho kiwe lugha ya taifa. Wakati huo walikuwa chini ya Pakistan, na wakubwa walitaka Kiurdu peke yake.

Nilipomuuliza mzee wa mlango wa pili habari za siku hiyo, hakunipa mhadhara. "Bhai, njoo Jumapili uangalie Jibon Theke Neya."

Ni filamu ya 1970 ya Zahir Raihan, haina rangi. Nilijiandaa kwa hotuba na mabango, kumbe ni ugomvi wa nyumbani! Dada mkubwa, anayeigizwa na Rawshan Jamil, ndiye serikali. Funguo zote za nyumba kazifunga kwenye pindo la sari, kama mama zetu wanavyofunga hela kwenye pindo la kanga, na kila apitapo zinalia. Mumewe hata kuimba kakatazwa. Akiibia nafasi, anaimba habari za tundu la ndege asilojua atalivunjaje. Wadogo wawili wa kiume wa huyo dada wanaoa, tena wanaoa ndugu wawili, na mabibi harusi wanakuta wifi kashika nchi. Mpaka hapo nilikuwa sihitaji mkalimani. Nani kwetu hajamwona wifi wa namna hiyo?

Sasa hesabu miaka. Ayub Khan, jenerali aliyekuwa akiitawala Pakistan, aling'olewa na vuguvugu la wananchi Machi 1969, akaingia jenerali mwingine, Yahya Khan. Nani angethubutu kumchora dikteta waziwazi? Raihan akamvalisha sari. Halafu, katikati ya vituko vya ndani, anakupeleka barabarani: watu wanatembea pekupeku alfajiri ya Februari 21 na maua mikononi. Humo pia wanaimba Amar Sonar Bangla, wimbo wa mshairi Tagore, wakati nchi ambayo ungekuja kuwa wimbo wake wa taifa haijazaliwa. Mzee aliuimba mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti mbaya kupita kiasi, na mkewe akamwitikia kutoka jikoni.

Nisiwadanganye, nusu ya pili inachosha. Sumu, kesi, mahakama, machozi. Wangeweza kukata nusu saa na asilalamike mtu.

Kilichoniuma ni habari za Raihan mwenyewe. Vita vya uhuru wa Bangladesh vilipoanza 1971 alitengeneza filamu fupi, Stop Genocide, kuuonyesha ulimwengu yaliyokuwa yakiwapata watu wake. Desemba 14 kaka yake, mwandishi Shahidullah Kaiser, akachukuliwa nyumbani, zikiwa zimebaki siku mbili Pakistan isalimu amri. Januari 30, 1972 Raihan akaenda Mirpur, mtaa wa Dhaka, kumtafuta. Naye hakurudi, na mwili wake haukupatikana.

Filamu ipo mtandaoni. Nyie wa Muscat na Doha mnaolala chumba kimoja na Wabangladeshi, waombeni wawatafsirie. Ila msipange kitu kingine jioni hiyo, maana wakianza habari za 1971 hawamalizi upesi.