Hewa, pedi na kipande cha felti: nilivyozipa hedifoni za bei nafuu sauti mpya

Hedifoni zangu ni za mgongo wazi, na katika aina yake ni za bei ya chini kabisa. Nilizipenda tangu siku ya kwanza kwa jambo moja: muziki haukujifungia kichwani. Mwimbaji alikaa mbele, gitaa likakaa kando, na kati yao palikuwa na nafasi ya kweli. Lakini kila "s" iliyotoka kinywani mwa mwimbaji ilichoma sikio, matoazi yalifunika vyombo vingine, na gitaa la besi lilisikika mchapo wa vidole tu, uzito wake haupo. Sikutaka kununua nyingine. Niliamini kwamba spika zilizokuwa ndani zilikuwa bora kuliko plastiki iliyozibeba, na baada ya kazi nitakayoieleza bado naamini hivyo.

Kwanza nilijiuliza tatizo linatoka wapi. Hedifoni za kawaida zimezibwa nyuma. Hizi zina wavu tu, na hewa inayosukumwa na upande wa nyuma wa utando wa spika hutoka nje bila kizuizi. Muundo huu si mpya. Sennheiser, kampuni ya Ujerumani ya vifaa vya sauti, walitoa HD 414 mwaka 1968, hedifoni ya kwanza ya mgongo wazi, ambayo pedi zake zilikuwa sponji tupu. Uwazi huo ndio unaoleta ile nafasi niliyoipenda, na ndio unaokula besi. Utando ukisogea mbele, hewa ya mbele inabanwa na ya nyuma inalegea. Hewa hizo mbili zikipata njia ya kukutana, zinafutana.

Zinazofutika zaidi ni sauti nene. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo mzunguko wa sentimita chache kutoka mbele ya spika hadi nyuma yake si umbali wowote kwake. Wimbi la hezi 8,000 lina urefu wa sentimita 4 na kitu, kipimo kinachokaribiana na upana wa kikombe cha hedifoni. Hilo linagonga plastiki, linagonga ukuta wa pedi, linarudi, na baadhi ya marudio hayo yanajumlishwa hadi sikio linaumia. Nilipoyaweka mambo haya mawili bega kwa bega, kazi ikajigawa yenyewe. Dawa ya besi ni kuzuia hewa isivuje. Dawa ya ukali ni kufyonza kinachodunda karibu na sikio. Kipande cha felti, yaani kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, cha milimita 3 kinaweza kutuliza matoazi, lakini hakiwezi kuongeza besi hata kidogo, na mtu anayekuambia vinginevyo hajalifikiria wimbi la mita 7.

Kabla ya kushika bisibisi nilijiwekea namna ya kusikiliza, na hii naithamini kuliko vifaa vyote nilivyotumia. Masikio husahau haraka. Ukibadilisha pande zote mbili kwa pamoja, muda wa kufungua na kufunga skrubu unatosha kukufanya usikumbuke sauti ya mwanzo ilikuwaje. Basi mimi nilibadilisha upande wa kulia peke yake na kuuacha wa kushoto ulivyotoka kiwandani. Kisha nilicheza pinki noizi, ule mvumo wenye masafa yote kwa pamoja, ikiwa ni mono, sawasawa pande zote mbili. Pande zikilingana, mvumo husimama katikati ya kichwa. Zikitofautiana, sehemu iliyobadilika huhama: chini huelekea upande mmoja, juu upande mwingine, na unaisikia tofauti papo hapo bila kutegemea kumbukumbu. Baada ya hapo nilizigeuza hedifoni, kulia kushoto na kushoto kulia, kwa sababu masikio ya mtu mmoja hayalingani, na sikutaka kurekebisha sikio langu nikidhani narekebisha spika.

Jambo jingine ni ukubwa wa sauti. Vipimo vya watafiti wa usikivu Fletcher na Munson vya mwaka 1933 vilionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa upungufu zaidi kuliko sauti za kati. Maana yake, hedifoni inayocheza kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa na besi bora hata kama hakuna kilichobadilika ndani yake. Kwa hiyo kila nilipolinganisha, nilisawazisha kwanza ukubwa wa sauti.

Kuzifungua kulikuwa rahisi. Pedi huvutwa tu kwa kuzungusha vidole ukingoni, na chini yake kuna skrubu chache. La kuangalia ni sumaku. Spika ina sumaku yenye nguvu, na bisibisi ya chuma ikiwa karibu inavutwa ghafla. Ikiteleza inatoboa utando ambao ni mwembamba kuliko karatasi. Nilishika bisibisi kwa mkono mmoja na kuikinga spika kwa kadibodi kwa mkono mwingine. Meza iwe safi pia. Unga wa chuma ukiingia kwenye mwanya wa koili, ule waya uliosokotwa unaousukuma utando, spika itakwaruza, na kuutoa ni kazi ngumu mno.

Nikaanza na pedi, na kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu, ningechagua hizo. Watu huzichukulia kuwa ni starehe ya kuvaa, kumbe pedi ni sehemu ya spika. Zinaamua hewa inavuja kiasi gani, sikio linakaa umbali gani kutoka kwenye utando, na ukuta unaolizunguka sikio unadundisha au unafyonza. Pedi zangu za mwanzo zilikuwa za kitambaa chepesi chenye sponji laini, na zilipitisha hewa kila upande. Jaribio lake ni rahisi: muziki wenye besi ukicheza, kandamiza vikombe polepole kwa viganja. Besi ikipanda sana, pedi hazizibi. Zangu zilipanda sana. (Ukivaa miwani, mikono yake nayo hufungua mwanya, na pedi laini ndizo zinazousamehe mwanya huo.) Ukandamizaji uwe wa upole, maana hewa ikibanwa ghafla inaweza kuukunja utando.

Nilijaribu pedi za ngozi bandia. Besi ilikuja mara moja, imejaa, lakini pamoja nayo sauti ya mwimbaji ikawa na mlio mgumu, na zile "s" zikaongezeka. Ukuta laini wa ngozi hudundisha masafa ya juu kurudi sikioni. Za mahameli tupu zilikuwa tulivu juu, ila zilivuja karibu kama zile za kwanza. Nilizobaki nazo ni za mchanganyiko: nje ngozi bandia inayozuia hewa, sehemu inayogusa uso ni mahameli, na ukuta wa ndani ni kitambaa. Hizo zilinipa sehemu kubwa ya besi bila ule ugumu. Pia zilikuwa nene zaidi, zikaliondoa sikio kwenye plastiki lililokuwa likiigusa, ingawa unene ukizidi besi hupungua na sauti ya mwimbaji hurudi nyuma. Sikuchagua nene kuliko zote.

Chini ya pedi, upande wa nyuma ya sikio, niliweka nusu duara ya sponji ngumu ili pedi iinuke kidogo na spika ilitazame sikio kutoka mbele. Ni mabadiliko madogo, na hayakugusa besi wala trebo, yaani sauti za juu, kwa kiasi cha kuzungumzia. Ila mwimbaji alisogea mbele ya uso badala ya kukaa kati ya masikio, na kwangu hilo lina thamani kubwa, kwani ndiyo sababu ya kutaka mgongo wazi.

Kisha yale matundu. Bamba linaloshika spika lina matundu madogo pembeni yanayounganisha hewa ya mbele na ya nyuma, na hapo hewa hizo mbili hukutana bila haja ya kupita kwenye pedi. Niliyaziba yote kwa selotepu ya plastiki, besi ikapanda kweli, lakini ilivimba juu ya hezi 100 hivi na ngoma zikawa na ukungu. Nikaibandua nikaweka plasta ya karatasi, ile inayotumika kufungia bandeji. Plasta ya karatasi inapumua: hewa inapita, lakini kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Tabaka moja lilinipa besi iliyoshuka chini bila kuvimba. Mawili yalikuwa karibu sawa na plastiki. Nashauri kuanza na nusu ya matundu, kwa sababu kila modeli imekadiriwa matundu yake kwa hesabu tofauti na hakuna idadi inayofaa zote.

Ukali wa juu ulikuwa umebaki, na hapa ndipo felti ilipoingia. Mapendekezo mengi husema ufunike spika yote kwa karatasi ya tishu au sponji. Inafanya kazi, lakini inapunguza trebo yote, mbaya na nzuri pamoja. Pumzi ya mwimbaji inapotea na ule mchapo wa vidole kwenye nyuzi unafifia. Nilikata pete ya felti inayofunika plastiki tupu iliyoizunguka spika, katikati nikaacha wazi kabisa. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye utando haikuguswa, iliyotulia ni ile ya kudunda. Matoazi yalianza kuwa na mwisho: yanapigwa, yanalia, yananyamaza, badala ya kubaki yakiwaka juu ya kila kitu. Baada ya pete niliongeza kidude cha sponji yenye vinyweleo wazi, mduara mdogo mwembamba mbele ya kitovu cha spika, na bado kilikuwa kinaondoa kidogo zaidi ya nilivyotaka, hivyo nikakitoboa katikati. Sasa kiko hapo.

Nyuma sikujaza kitu. Pamba nyuma ya spika huzifanya hedifoni za mgongo wazi zisikike kama zimezibwa nusu, na kwa masikio yangu hiyo ni hasara tupu. Niligonga vikombe kwa kucha, nikasikia plastiki moja nyembamba inalia, nikaibandikia vipande vya ile gundi ya udongo ya kubandikia mabango hadi ikanyamaza. Waya nao niliubadilisha, kwa sababu ulikuwa mrefu na umechoka. Sauti haikubadilika, na sikutarajia ibadilike. Kwa anayetaka kufanya hivyo: nyuzi nyingi za hedifoni zimepakwa rangi inayozuia umeme, lazima iungue kwanza ndipo lehemu ishike, usikae na joto pale waya unapoungwa kwenye spika maana plastiki yake inayeyuka upesi, na hakikisha chanya na hasi zinafanana pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi husikika dhaifu na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama.

Masikio yaliporidhika nilitaka uthibitisho. Nilitoboa ubao bapa, nikaweka maikrofoni ndogo kwenye tundu ikilingana na uso wa ubao, nikaweka pedi juu yake na kupima kwa programu ya bure ya REW, sauti ikiwa ndogo. Vipimo vya namna hii havisemi sikio halisi linapokea nini, kwani ubao hauna tundu la sikio wala mikunjo ya sikio la nje. Vinafaa kwa kulinganisha kabla na baada, ilimradi hedifoni zikae palepale. Nilizinyanyua na kuzirudisha kila mara nikachukua wastani. Kilele karibu na hezi 8,000 kilikuwa kimeshuka kama desibeli 5, na mstari wa besi uliokuwa ukianguka mapema ulikuwa umenyooka hadi chini zaidi. Sauti za kati, ambazo zilikuwa nzuri tangu mwanzo, zilibaki zilipokuwa. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko mengine.

Kuna watakaouliza kwa nini nisitumie ikwalaiza tu, ile programu ya kupandisha na kushusha masafa. Naitumia, na naipenda. Lakini ikwalaiza haiwezi kuziba pengo la hewa; ukiongeza besi kwenye pedi inayovuja, unausukuma utando uende mbali zaidi ili sauti ifutike vilevile. Wala haiondoi mdundo kwenye plastiki, inapunguza tu masafa hayo pamoja na yale halali yaliyomo. Ndiyo maana nilimaliza kazi ya mikono kwanza. Utafiti wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman katika miaka ya 2010 ulionyesha kuwa wasikilizaji wengi hupendelea hedifoni zenye besi iliyoinuliwa kiasi, na mimi ni mmoja wao, hivyo nimeongeza desibeli 4 chini ya hezi 80, basi. Ukifanya hivyo kwenye programu yako, shusha ujazo wa jumla kwa desibeli 4 hizohizo, la sivyo vilele vya mawimbi vitakatwa na utasikia mkwaruzo utakaodhani umetoka kwenye spika.