Awa Odori: mkono wa kulia na mguu wa kulia

Awa Odori ni ngoma ya Kijapani inayochezwa barabarani mjini Tokushima, kisiwani Shikoku, tarehe 12 hadi 15 Agosti. Ni majira ya Obon, siku ambazo Wajapani huzipokea roho za wazee wao. Anayetaka kwenda kucheza kutoka Nairobi aanze mazoezi hapahapa sebuleni, wiki kadhaa kabla ya safari. Miguu haina shida: ni hatua mbili, na aliyewahi kucheza mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, atazishika upesi. Kazi iko mikononi.

Shuleni tulifundishwa gwaride, mguu wa kushoto na mkono wa kulia. Awa Odori inataka kinyume chake: mguu wa kulia ukienda, mkono wa kulia nao unaenda. Inua mikono yote miwili juu ya mabega. Gusa chini kwa ncha ya mguu wa kulia, mbele ya ule wa kushoto kidogo, mkono wa kulia ukisogea pamoja nao. Halafu ukanyage mguu huohuo, uzito uuhamie. Fanya vivyo hivyo kushoto. Mwili ukizoea gwaride utakusaliti kila unapochoka au unapotazama miguu, kwa hiyo tazama mbele na ujifunze polepole kabla ya kuongeza kasi.

Kosa la pili ni kushusha viwiko. Mabega yakiwaka moto, mikono huteremka hadi kifuani, na ngoma yote huonekana imelala. Legeza vidole na viganja. Anayekaza ngumi huchoka mapema zaidi.

Kwa mtindo wa wanaume, magoti hupanuka na nyonga hushuka. Wageni wengi huinamisha mgongo badala ya kukunja magoti, na kesho yake kiuno ndicho kinacholipa. Wanawake husimama wima zaidi, magoti pamoja, mikono juu kabisa, wakikanyaga kwa ncha ya mbele ya geta, viatu vya mbao vinavyofanana na mitalawanda ya pwani. Mgeni asianze na geta. Zinachubua katikati ya vidole. Raba zinatosha.

Vikundi vya wachezaji huitwa ren, na vile vikubwa hujifua mwaka mzima, kwa hiyo huwezi kujipenyeza tu. Mlango wa mgeni ni niwaka-ren, kikundi cha papo hapo: unafika mahali pa kukutania, unafundishwa kwa muda mfupi, kisha mnaingia barabarani pamoja. Kwa kawaida hulipi, na mara nyingi koti fupi la happi huazimwa. Ukiamua kuvaa yukata, kimono nyepesi ya pamba, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti, na wakati wa Obon kosa hilo linauma zaidi.

Mdundo huongozwa na kane, upatu mdogo wa mkononi. Ukipotea katikati ya shamisen (kinanda cha nyuzi tatu), filimbi na ngoma kubwa, tafuta sauti yake kali ya chuma. Kiongozi akiita “Yatto-sa!”, jibu “A, yatto yatto!” kwa sauti kamili. Kuna pia maneno maarufu yasemayo kwamba anayecheza ni mpumbavu na anayetazama ni mpumbavu. Maadamu wote ni wapumbavu, asiyecheza ndiye aliyepata hasara. Ninayapenda sana maneno hayo, maana yanamwondolea mgeni aibu. Simu iache mfukoni: anayejipiga picha huacha pengo, na walio nyuma hugongana.

Joto nalo lisidharauliwe. Agosti Nairobi tunavaa sweta. Tokushima ni zaidi ya nyuzi 30, na unyevu mwingi hata usiku. Kunywa maji kabla ya kuanza, na ubebe kitaulo. Vyumba vya kulala hujaa mapema mno, na treni ya kasi ya Shinkansen haifiki Shikoku, kwa hiyo wengi hupanda basi kutoka Osaka au Kobe.

Viza ikichelewa na Agosti ikakupita, Awa Odori Kaikan, chini ya mlima Bizan mjini humo, huonyesha ngoma hii mwaka mzima, na watazamaji huitwa kufundishwa na kucheza.